Viatu vya Kanzu Huchaguliwa Mlangoni

Ukialikwa maulidi Ujiji, wahi kidogo, na kabla hujaingia ndani geuka utazame barazani. Hapo ndipo wanaume wa Kigoma wanapojulikana. Yapo makobazi ya ngozi yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Zipo kandambili za bluu, moja ina gidamu yake ya dukani na mwenzake ametiwa gidamu nyekundu. Zipo moka zilizokanyagwa nyuma mpaka visigino vimelala kama masikio ya mbwa. Na kuna jozi moja ya viatu vya kamba, vyeusi, vimepigwa kiwi hadi taa ya baraza inaonekana ndani yake. Mwenye jozi hiyo huna haja ya kuuliza ni nani. Ndiye yule aliyeinama kizingitini, kanzu kaibana mapajani, anahangaika na fundo lililokaza, na nyuma yake watu saba wamesimama, na chetezo cha ubani kimekwama mikononi mwa mtoto.

Mimi nimewahi kuwa mtu huyo, kwenye harusi ya binamu yangu. Tangu siku hiyo nina kanuni moja, na ushauri wote utakaousoma humu umetoka ndani yake: kiatu cha kanzu hakichaguliwi kwa jinsi kinavyovaliwa, huchaguliwa kwa jinsi kinavyovuliwa. Mwenye suruali huvaa viatu asubuhi akavivua usiku. Mwenye kanzu huvua msikitini, huvua kwa jirani, huvua msibani, huvua kwenye mkeka wa harusi, na siku ya Idi anaweza kuvua mara kumi kabla ya adhuhuri. Kila akivua, kinachobaki kutazamwa ni soksi. Na soksi ikivuliwa, ni kisigino chenyewe.

Waskoti nao wana vazi la kiume lisilogawanyika miguu miwili, ile sketi ya sufu yenye mikunjo na mirabaraba wanayoiita kilt. Kwao mambo yamegeuzwa. Vazi linaishia gotini, kwa hiyo soksi ndiyo inayotangulia kuonekana: ndefu, nzito, imekunjwa chini ya goti na kushikwa kwa lastiki, na anayetaka kukamilika huchomeka kisu kidogo humo, mpini ukichungulia nje. Viatu vyao vya sherehe havina ulimi, na kamba zake ndefu huzungushwa juu ya kifundo cha mguu. Ni viatu vya kupendeza sana kwa mtu asiyevua mlangoni. Mskoti anayejulikana kuliko wote kwetu, David Livingstone, hakuja Ujiji na vazi hilo. Stanley alipomkuta mwaka 1871 alimwona na suruali ya sufu ya kijivu. Lakini habari za miguu yake zinatuhusu. Mwaka 1870, akiwa Bambarre huko Manyema, vidonda vilimshika miguuni miezi kadhaa, akawa hawezi kwenda popote. Nikisimulia hivi watu husema, “Funza hao.” Hapana. Funza walishushwa Angola na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, ndipo wakaanza safari ya kuvuka bara kuja huku. Livingstone alitaabika kabla yao. Wewe unaishi baada yao, kwa hiyo kutembea peku kwenye vumbi ili kanzu ipendeze si unyenyekevu, ni kuwakaribisha wageni.

Basi tuanze, na tuanze kwa fundi cherehani, si dukani kwa viatu. Kanzu ya mtu anayefuata mafundisho huishia juu ya vifundo vya miguu. Wengi huenda kupimwa wakiwa na kandambili, kisha siku ya shughuli wanavaa kiatu chenye kisigino cha sentimita tatu, kanzu inapanda, na mtu mzima anaonekana kama mwanafunzi wa madrasa aliyerefuka ghafla. Wengine wanafanya kinyume, wanapimwa na kiatu kirefu, wakivua mlangoni pindo linafagia. Beba kiatu chako kwa fundi. Mwambie atie pini ukiwa umekivaa, kisha kivue, usimame peku mbele ya kioo. Kanzu inayokaa vizuri katika hali zote mbili ndiyo imepimwa. Kwa sababu hiyo mimi napenda kiatu cha kanzu kiwe na soli fupi: ukivua hupungui.

Halafu tazama ardhi utakayoikanyaga. Hapa kwetu Mwandiga ni njia panda. Barabara inayotoka Kigoma mjini ikifika hapa inagawanyika: moja inapanda Kalinzi na Manyovu kuelekea mpaka wa Burundi, nyingine inakwenda Kidahwe, na kutoka huko Kasulu au Uvinza. Lami ipo, lakini hatua tatu nje ya lami uko kwenye udongo mwekundu. Kiangazi, tuseme Juni hadi Septemba, udongo huo ni unga unaoingia mpaka ndani ya soksi. Mvua zikianza, Oktoba au Novemba, unakuwa gundi hadi Aprili au Mei. Na sokoni kuna adui wa tatu ambaye mtu wa Dar es Salaam hamjui: mawese. Madumu yanapakuliwa, tone linadondoka hapa, jingine pale, wewe unapita na kanzu yako nyeupe kuwahi sala. Ukikanyaga tone hilo hutaliona. Utaliona ukiwa umerudi nyumbani, nyuma ya pindo, doa la rangi ya chungwa ambalo sabuni ya kipande inalisogeza tu kutoka mahali hadi mahali.

Kwa ardhi ya namna hii soli ina kazi kubwa kuliko ngozi ya juu. Soli ya ngozi tupu, ambayo wauzaji huisifia kwamba ndiyo ya kiungwana, inateleza kwenye tope kama sabuni, na ikilowa inavimba. Soli yenye meno marefu, kama ya buti za kazi, hubeba nusu kilo ya Mwandiga hadi kwenye zulia la mwenyeji, na kila hatua inarusha vipande vya tope nyuma ya kanzu. Tafuta ya mpira yenye mistari mifupi, inayofutika kwa kitambaa kimoja. Kigeuze kiatu dukani uitazame soli kabla hujatazama juu. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae.

Sasa aina zenyewe. Makobazi ya ngozi ndiyo chaguo langu la kwanza, na hapa sisemi jipya. Watu wa Pwani walikwisha kulimaliza jambo hili zamani, na ndugu zetu walioko Oman huenda hata ofisini na shughuli za serikali kwa kanzu na makobazi, bila soksi, na hakuna anayeona pungufu. Chagua yenye mkanda mpana juu ya mguu, yasiyo na mkanda wa nyuma. Mkanda wa nyuma ni salama kwenye mawe, lakini ndio ule ule wa kuinama mlangoni. Rangi ya kahawia inavumilia vumbi letu kuliko nyeusi. Na kama unajua utavaa soksi, usichukue yenye gidamu. Mtu aliyeisukuma soksi katikati ya vidole ili gidamu ipite anakuwa na kwato za mbuzi, na sijapata kumwona aliyefanya hivyo akabaki na heshima yake mpaka mwisho wa shughuli.

Katambuga za matairi nazo zisidharauliwe. Kwa kanzu ya kazi, ile iliyokwisha kuwa ya rangi ya maziwa ya mgando, au kwa msuli wa nyumbani, hakuna kinachozishinda kwa maisha marefu. Ila kuna jambo la kuangalia ambalo fundi hatakwambia. Matairi mengi ya magari siku hizi yana nyuzi za chuma ndani. Katambuga iliyokatwa kwenye tairi hilo, ukingo wake ukilika, nyuzi huchomoza nyembamba kama sindano. Zitakuchana kifundo na kuvuta nyuzi za pindo la kanzu. Pitisha kidole taratibu ukingoni pande zote. Kikikwaruza, mrudishie. Kisha ingiza mkono juu ya kanyagio usikie vichwa vya misumari, kwa sababu msumari ambao leo umelala sawa na mpira, baada ya mwezi mmoja wa uzito wako utasimama.

Moka, yaani viatu vya kutumbukiza mguu visivyo na kamba, ndivyo vya kuvaa siku ya kanzu na koti. Waganda wamelifanya vazi hilo kuwa lao: mwanamume akienda kujitambulisha ukweni huvaa kanzu, koti juu, na viatu vya ngozi vya kufunika na soksi. Vinawakaa. Kwetu pia koti likishakaa juu ya kanzu, makobazi yanaanza kuonekana mepesi, kama mtu aliyevaa juu kwa ajili ya harusi na chini kwa ajili ya kuoga ziwani. Chukua moka zenye mdomo mpana na mgongo mgumu. Mgongo ukiwa laini utaukanyaga siku ya kwanza utakapoharakia, na kiatu kilichokanyagwa nyuma hakirudi. Kama una viatu vya kamba tu na huna namna ya kununua vingine, toa kamba uweke lastiki nyeusi nyembamba kwenye matundu. Fundi viatu yeyote pale njia panda anaweza, na kutoka mbali hakuna atakayejua.

Raba na kanzu? Vijana wanavaa, na nyeupe kabisa huwa zinapendeza kwenye picha. Lakini raba nyeupe Mwandiga ni nyeupe mpaka ufungue mlango. Sibishani nao zaidi ya hapo.

Wengi wetu tunanunua mtumba, kwa hiyo tusimame hapo kidogo. Nenda jioni, maana mguu uliotembea kutwa huwa umevimba kidogo, na kiatu kinachokutosha saa kumi na moja jioni kitakutosha saa zote. Kama unamnunulia mzee nyumbani, kata uzi kwa urefu wa mguu wake mrefu zaidi, uutumbukize ndani ya kiatu mpaka ncha. Ubaki upana wa kidole gumba mbele. Nambari usiiamini peke yake, kwani nane ya Uingereza ni kama arobaini na mbili ya Ulaya bara, na kiatu kimoja kinaweza kuandikwa vyote viwili na bado kikawa kidogo kwa sababu kilikwisha kukubali mguu wa mwenyewe wa kwanza. Soma nambari za viatu vyote viwili, si kimoja. Robota huchanganya jozi. Vitazame visigino kwa nyuma: vikiwa vimelika upande mmoja, utatembea kama alivyotembea yeye.

Lililo kubwa ni soli. Niliwahi kununua moka nzuri mno, ngozi haina hata mkunjo, nikadhani nimeokota dhahabu. Nilizivaa mara moja. Nikiwa nusu ya njia kwenda kwa wakwe zangu soli ya kushoto iliachia vipande vipande, kama mkate mkavu, nikaingia kwa watu naacha makombo meusi nyuma yangu. Baadaye fundi alinieleza, nami nikathibitisha kwa macho: soli nyingi nyepesi ni za povu la plastiki, na povu hilo huliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Tena kikikaa kabatini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kinabaki na sura ya upya. Kwa hiyo mtumba unaong'aa kupita kiasi uushuku. Bonyeza soli kwa ukucha. Ikibaki na shimo, au ikitoa unga, iache. Ikunje mara tatu kwa nguvu mbele ya muuzaji. Ikipasuka, imepasukia mikononi mwake.

Tuje kwenye soksi, ambako watu wazima wenye akili zao huharibu kila kitu.

Swali la kwanza ni kama uvae. Kwa msuli au kikoi jibu ni hapana, na nisingependa tulijadili. Msuli ni vazi la nafasi, la hewa, la kukaa barazani na kahawa. Soksi chini yake ni kama kuvaa kofia ya pikipiki kitandani. Kwa kanzu peke yake, na makobazi, pia hapana, isipokuwa unakwenda juu. Ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya bahari na huku chini joto lipo, ila ukipanda kwenye kahawa za Kalinzi alfajiri, vidole vyenyewe vitakuomba soksi. Kwa kanzu na viatu vya kufunika, ndiyo, siku zote. Kiatu cha ngozi kikivaliwa bila soksi hunywa jasho, na siku utakapokivua kwenye chumba cha watu ishirini dirisha moja, kitasema yote.

Swali la pili ni udhu. Hapa wengi hawapigi hesabu. Ukifika msikitini na soksi bila udhu, itabidi uzivue kwenye mabomba, uoshe miguu, kisha uzivute tena juu ya mguu uliolowa. Soksi iliyovaliwa juu ya maji ndiyo shamba la fangasi wa vidole. Zamani nyumba zenye nafasi ziliweka mitalawanda ya mbao penye maji ili mtu asirudi kukanyaga uchafu. Siku hizi ni kandambili. Tawadha nyumbani, futa mpaka katikati ya vidole, vaa soksi, toka. Wapo watakaokwambia si lazima kuosha, upake maji tu juu ya soksi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa kwetu, ruhusa hiyo ni ya khofu: kitu kinachofunika mguu pamoja na vifundo, kigumu kiasi cha kuweza kutembelewa, kisichopenyeza maji upesi, na uwe umekivaa ukiwa na udhu. Mkaazi hupaka kwa mchana mmoja na usiku wake, msafiri kwa siku tatu na usiku wake. Soksi nyembamba ya pamba uliyonunua kwa mafungu haimo. Kama mwalimu wako anafuata kauli nyingine kuhusu soksi nzito, mwulize yeye; mimi nazungumza habari za mavazi.

Rangi. Kila mtu hudhani kanzu nyeupe inataka soksi nyeupe. Labda mahali penye marumaru kutoka mlango hadi mlango. Kwetu soksi nyeupe inaingia ndani ya kiatu ikiwa nyeupe na kutoka ikiwa na nyayo nyekundu, na ukikaa mkao wa tahiyatu yule aliye nyuma yako anatazamishwa nyayo hizo mpaka salamu. Nyeusi nayo huokota kila unyoya wa zulia. Vaa kahawia au kijivu, karibu na rangi ya kiatu, bila maandishi. Hilo la maandishi nalisema kwa uzoefu: nimewahi kusali nyuma ya mzee mheshimiwa ambaye nyayo zake zote mbili zilikuwa na mchezaji wa mpira anayecheka.

Urefu uwe unaopita kifundo kwa vidole vinne. Soksi fupi za raba hushuka zikajikusanya chini ya kisigino, na ukikaa mkekani kanzu ikapanda, pale katikati panabaki pete ya ngozi iliyopauka. Ndefu za shule zinazofika gotini hazina ubaya ila joto. Kuhusu kitambaa, shika iliyo pamba kwa wingi na nailoni kidogo ya kuipa uhai. Nailoni tupu hainywi jasho, na pamba tupu hulegea baada ya kufuliwa mara chache. Ukiwa mbele ya fungu la mtumba, ingiza ngumi ndani ya soksi na uitanue kisigino chake uielekeze kwenye jua; ukihesabu matundu ya mwanga kama chujio, hiyo haina miezi miwili. Vuta lastiki na uiachie. Isiporudi, itashuka. Na kwa mzee mwenye kisukari, lastiki inayoacha mfereji kwenye ngozi ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Mnunulie ya mdomo laini, kiatu kilichofunika vidole, na umfundishe kupitisha mkono ndani ya kiatu kila anapovaa, kwa sababu kijiwe ambacho wewe kitakuudhi yeye anaweza asikisikie mpaka kiwe kidonda.

Beba jozi ya akiba mfukoni mwa koti. Nani alisema soksi ni lazima zianze na kumaliza shughuli moja?

Usafiri nao una sharti lake, hasa bodaboda. Bomba la moshi la pikipiki liko kulia, sambamba na kifundo chako. Ukipanda na makobazi, mguu wa kulia uweke mbele kabisa ya kikanyagio na usiurudishe nyuma hata ukichoka. Soksi ya nailoni ikigusa bomba la moto haiungui tu, inayeyuka na kushikana na ngozi. Pamba angalau inakupa nafasi ya kupiga kelele. Kanzu ikusanye yote mbele, uikalie pembeni, isining'inie kushoto kwenye mnyororo. Wengine hukunja kanzu kiunoni na kubaki na suruali ya ndani mpaka wakifika, kisha wanaiteremsha. Si ya kupiga picha, lakini wanafika weupe.

Na ukienda kwa boti kutoka Kibirizi, kwenye vijiji vya kaskazini mwambao wa Gombe na Kagunga, elewa kwamba kati ya mchanga na boti kuna maji, na mara nyingi utayaingia. Hapo moka ziwe begani, si mguuni. Kandambili huelea zikaondoka na wimbi wakati umeshika mkono wa nahodha. Hii ndiyo safari pekee ambayo nakubali kobazi lenye mkanda wa nyuma, la plastiki ukipenda, na viatu vya shughuli viende ndani ya mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa viatu haikuwa hasara: ngozi iliyofungwa ndani ya plastiki masaa manne ya jua la ziwa hutoka na ukungu wa jasho lake yenyewe.

Msibani usivae kipya. Utasimama kwenye udongo uliofukuliwa, pengine utashika jembe, na wapo wanaovua viatu wakiingia kati ya makaburi, kwa hiyo utavua tena na kuvaa tena, mara hii ukiwa na tope mikononi. Makobazi ya zamani au kandambili nzima zinatosha, na soksi ziache nyumbani. Harusini ni kinyume: nenda na kizuri ulicho nacho, ila uwe na mpango wa namna ya kukipata tena.

Maana viatu vya kanzu hupotea. Sisemi vinaibiwa, mara nyingi vinabadilishwa na mtu aliyetoka gizani akaingiza mguu penye nafasi. Nimetoka msikiti mmoja nikakuta moka zangu zimekwenda na zimeniachia dada zao, nambari moja chini. Nilitembea nazo hadi nyumbani nikiwa nimekunja vidole, na mpaka leo sijui ni nani aliyekwenda na nafasi yangu ya ziada. Tangu hapo nafanya mambo mawili. Fundi alinishonea uzi wa kijani, pindo moja tu, ndani ya mdomo wa kila kiatu, mahali ambapo kidole gumba kinaugusa hata gizani. Na kwenye umati, kiatu cha kulia nakiacha mwanzo wa baraza, cha kushoto mwisho wake. Hakuna anayeondoka na kiatu kimoja kwa bahati mbaya. Ukipata nguzo, viweke nyuma ya nguzo, soli kwa soli, ncha nje, ili unapotoka viwe vimekwisha kugeuka kuelekea njia.

Ukirudi, usiviweke karibu na jiko. Ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa moto inakakamaa na kupasuka palepale kwenye mkunjo. Futa tope likiwa bado bichi, jaza gazeti ndani, badilisha gazeti likilowa, na viache penye kivuli na upepo hadi kesho. Kiwi baada ya hapo, kidogo, kwa kitambaa. Kuna wanaopaka mawese kwa sababu yapo na yanang'arisha. Yanang'arisha kweli, hadi saa nne asubuhi, kisha vumbi lote la njia panda linahamia kwenye kiatu, na kutoka kwenye kiatu linapanda kwenye pindo. Kwa makobazi ya ngozi ya kahawia ambayo hayataki rangi, mafuta ya nazi kidogo sana yanatosha, yakiachwa usiku kucha yanyweke.

Kisha kuna usiku wa mvua, viatu vikiwa vimelala barazani. Asubuhi vishike kwa kisigino, ncha juu, uvipigishe kwenye ukuta mara mbili kabla hujaingiza mguu. Nge hupenda moka. Chura naye, ila chura utamsamehe.